Pesa za afya ziko Nairobi, mafuriko yako Nyando: tutoze tena au tungoje?

Swali: "Daktari, mimi ni mweka hazina wa kamati ya zahanati yetu huku Nyando, Kaunti ya Kisumu. Zamani mgonjwa alilipa shilingi kumi, nasi tulikuwa na hela ya sabuni, mafuta ya taa na mlinzi. Siku hizi huduma ni bure na tunategemea SHA, mamlaka ya taifa ya bima ya afya, na kaunti. Mto ukifurika wagonjwa wanaongezeka maradufu, sisi tunabaki kupiga simu na kungoja. Wenzangu kwenye kamati wanataka tutoze kidogo wakati wa dharura tu. Huu mfuko mmoja wa taifa unamsaidia nani hasa mambo yakiharibika? Si ingekuwa haki zaidi kila zahanati ishike chake? Na je, kikundi chetu cha akina mama kikichangisha pesa za dharura, tutakuwa tumevunja sheria?"

Jibu: Mama, nianze na kile ambacho kamati inasubiri kusikia: msitoze. Sababu nitazieleza, na sheria ni ndogo kati yake. Lakini kwenye hili la kungoja umeshika penyewe, kuliko wengi wanaoketi kwenye mikutano ya bajeti, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Mabishano haya huharibika kwa sababu watu huchanganya kazi tatu. Kuna kukusanya pesa. Kuna kuziweka pamoja, ili aliye mzima ambebe aliye mgonjwa. Halafu kuna kuzitoa, ili huduma ilipwe. Inawezekana kabisa pesa zikakusanywa Nairobi na zikatumiwa Nyando bila mtu wa Nyando kuomba ruhusa kila wiki. Inawezekana pia kila kaunti ikashika chake na bado zahanati zake zikangojeshwa na afisa wa makao makuu ya kaunti. Kuweka pamoja nakutetea kwa nguvu zangu zote. Foleni ya kutoa siitetei.

Tuirudie ile shilingi kumi. Ilitokana na sera ya mwaka 2004: kumi kwa zahanati, ishirini kwa kituo cha afya. Ikafutwa mwaka 2013. Tuseme mlipokea wagonjwa 40 kwa siku, siku 22 za kazi kwa mwezi. Hizo ni shilingi 8,800, tena kama wote walilipa, na watoto wa chini ya miaka mitano hawakutakiwa kulipa. Kwa mwezi wa kawaida zilisaidia, nakubali. Sasa leta mafuriko. Mashamba ya mpunga yamezama, watu wamehamia madarasa ya shule, kuhara kumeingia na malaria inafuata maji yakituama. Wagonjwa wanaongezeka siku zile zile ambazo mwenye shilingi kumi mfukoni hapatikani. Ada hushuka pale hitaji linapopanda.

Na msidhani ada ndogo haimzuii mtu. Hili lilipimwa huku huku kwetu magharibi, katika kliniki za wajawazito za Busia na wilaya jirani. Watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walilinganisha kliniki zilizogawa vyandarua vyenye dawa bure na zilizoviuza kwa bei nafuu. Chandarua kilipotoka bure hadi shilingi 40, waliokichukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Shilingi arobaini tu, kwa kitu ambacho kila mama alikijua faida yake! Ugonjwa wa kuambukiza una ubaya mwingine juu ya huo: anayebaki nyumbani na kipindupindu kwa kukosa ada anawagharimu majirani zake pia.

Sasa kuhusu kila mtu kushika chake. Wewe ni mweka hazina, na bila shaka uko pia kwenye chama. Fikiria mfuko wa maafa wa chama chenu. Mmoja akilazwa, wengine ishirini wanachanga na mambo yanaenda. Mto Nyando ukiingia nyumba za wote ishirini na mmoja usiku mmoja, mtamchangia nani na nani atachanga? Mfuko mdogo unamudu balaa la mtu mmoja mmoja. Haumudu balaa linalowapata wote kwa pamoja, na janga ndiyo maana yake hiyo. Dawa yake ni kuchanga na watu walio mbali kiasi kwamba maji yenu hayawafikii: mwalimu wa Nyeri, karani wa Mombasa, mfanyabiashara wa Nakuru mjini. Mwaka mwingine zamu itakuwa yao.

Hapo ndipo mfuko wa taifa unapostahili sifa. Enzi za NHIF, bima ya taifa iliyotangulia SHA, mfanyakazi wa mshahara wa laki moja alikatwa shilingi 1,700 kwa mwezi, na wa laki tano alikatwa hizo hizo 1,700. Mama anayeuza samaki Ahero alilipa 500. Tangu Oktoba 2024 makato ni asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo, kwa hiyo wa laki tano anatoa 13,750. Hiyo ni haki zaidi, hata kwetu sisi tunaokunja uso tukiangalia hati ya mshahara mwisho wa mwezi.

Asiye na mshahara bado ana shida. Yeye hupimwa uwezo wa nyumba yake kwa maswali, kisha anatakiwa kulipa ya mwaka mzima. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mkupuo. Ulikuja baadaye mpango wa mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, lakini mkopo ni mkopo. Mpunga ukienda na maji mwezi wa Aprili, mchango huo ndio wa kwanza kuachwa, na Aprili ndiyo familia itahitaji kitanda hospitalini. Ndiyo maana huwa nasema bima ya michango peke yake haiwezi kubeba janga: mapato yake huanguka pamoja na kipato cha watu. Lazima kodi iingie. Sheria zilizotiwa saini Oktoba 2023 zililiona hilo, zikaunda mifuko mitatu, na miwili kati yake, ule wa afya ya msingi na ule wa dharura, magonjwa sugu na mahututi, inategemea bajeti ya serikali. Zahanati yenu iko chini ya ule wa afya ya msingi. Mgonjwa wenu hatakiwi kuwa amelipa chochote. Anatakiwa kuwa amesajiliwa tu.

Kwenye karatasi, basi, mambo ni mazuri. Tuje kwenye kungoja.

Mfuko mmoja una mlango mmoja. Siku za kawaida mlango mmoja ni faida: unanunua dawa kwa wingi, bei inashuka, hesabu ni moja. Siku ya janga ukikwama, wote wamekwama. Mwaka 2020 tuliona. Mkaguzi Mkuu wa Serikali alichunguza ununuzi wa vifaa vya korona uliofanywa na KEMSA, shirika la serikali la kununua na kusambaza dawa, wa shilingi bilioni 7.8, akakuta manunuzi yaliyofanywa bila bajeti, kwa bei za juu, na shehena kubwa imebaki ghalani bei za sokoni zikishuka. Wakati huo huo wahudumu wa kaunti walikuwa wakilalamikia uhaba wa mavazi ya kujikinga. Nunua kwa pamoja, ndiyo, lakini ununuzi wa pamoja ukikosea hukosea kwa nchi nzima.

Mwaka huo huo, katikati ya korona, Seneti ilishindwa mara kadhaa kukubaliana juu ya fomula ya kugawia kaunti pesa, hadi Septemba 17. Magavana walikuwa wameshatangaza kwamba wangefunga shughuli za kaunti. Mabishano yenyewe yalihusu haki: nani apate zaidi, kaunti zenye watu wengi au zenye maeneo makubwa na umaskini? Lilikuwa swali zuri. Ila kwa kulijadili huku pesa zimesimama, wale waliokuwa wakipiganiwa ndio walioumia kwanza.

Halafu ikaja Juni 2021. Aina ya virusi vya korona ya Delta ilikuwa imeshaingia kwetu, na kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na sehemu za Bonde la Ufa zikawekewa kafyu ya saa moja jioni. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ambayo wengi bado tunaiita Russia, hupokea wagonjwa wa Siaya, Vihiga, Homa Bay na kwingineko. Wakati ule ilikuwa chini ya Kaunti ya Kisumu; ilipandishwa kuwa ya rufaa ya kitaifa mwaka 2025. Mgao wa kaunti huhesabu wakazi wake. Mtungi wa oksijeni hauulizi mgonjwa katoka wapi. Kila kaunti ikishika chake, kama wenzako wanavyopendekeza, Kisumu ingekuwa na sababu ya kumrudisha mtu wa Vihiga getini. Kwa hiyo hata tukiukasirikia mfuko mkubwa, tukiuvunja tutajikuta na kaunti zinazofukuza wagonjwa wa jirani.

Nikupe siri moja ya kazi yetu ambayo wananchi hawaambiwi: kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Masika ya kwetu ni Machi hadi Mei. Maana yake mafuriko hutukuta katika robo ya mwisho, wakati kaunti zimebakiwa na kidogo na migao ya Hazina huwa imechelewa kwa miezi. Mafuriko ya Nyando ya 2020 yalikuwa Aprili na Mei. Maafa ya mafuriko ya Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, yalitokea Aprili 29, 2024, tena madaktari wa hospitali za umma wakiwa kwenye mgomo ulioanza Machi na kuisha Mei 8. Maji yakishapungua na kuhara kupanda, tayari ni Juni, vitabu vinafungwa. Julai inaingia, mwaka mpya wa fedha, na pesa za kwanza hazifiki siku ya kwanza. Simu zenu zisizojibiwa ndipo zinapoangukia, kwenye tundu hilo la Aprili hadi Agosti. Afisa wa kaunti anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado asiwe na la kukupa.

Na kuchelewa hakuwaumizi wote sawa. Madai ya malipo yanayopelekwa SHA yakikaa miezi mitatu, hospitali kubwa ya binafsi inakopa benki. Hospitali ya misheni inabembeleza muuzaji wa dawa aivumilie. Zahanati ya umma haina ruhusa ya kukopa, wala mdhamini. Kwa hiyo muuguzi anamwambia mgonjwa, kwa aibu, "nenda duka la dawa uninunulie glovu na dripu." Hakuna risiti ya zahanati, hakuna ada iliyotozwa, kwenye ripoti huduma ni bure. Mgonjwa amelipa, tena kwa bei ya dukani. Pesa iliyochelewa imegeuka kuwa ada, na imemwangukia maskini aliyekuja zahanati kwa sababu hakuwa na pa kwenda kwingine.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaochora mizani, upande mmoja ufanisi, upande mwingine haki, na kusema ukiongeza huku unapunguza kule. Wakati wa janga, pesa ikichelewa umepoteza vyote viwili.

Jibu la Nairobi kwa kawaida ni wizi. Tukizilipa zahanati mapema, zitaliwa. Si hofu ya bure. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa kwa madai ya udanganyifu. Lakini kukagua kabla ya kulipa si njia pekee ya kuzuia wizi. Unaweza kulipa kwanza kwa kikomo na kukagua baadaye. Machi 2025 serikali yenyewe ilitangaza kwamba vituo vinavyoidai NHIF ya zamani shilingi milioni 10 au chini vilipwe vyote, na vinavyodai zaidi ndivyo vihakikiwe kwanza. Sijui kwa nini mantiki hiyo isiwe desturi kila eneo linapotangazwa kuwa na janga. Deni dogo ni la kituo kidogo, na hasara ya kumwamini ni ndogo pia.

Korea Kusini wana mfuko mmoja mkubwa kuliko wetu kwa mbali. Mwaka 2000 waliunganisha mashirika ya bima ya afya zaidi ya 300 kuwa moja. Korona ilipowapata mapema 2020, hospitali zilipoteza wagonjwa wa kawaida na mapato yakaanguka. Shirika hilo halikungoja madai. Lilizitangulizia malipo kwa kukadiria kutokana na zilivyopokea mwaka uliopita, hesabu zikarekebishwa baadaye, na michango ya watu wa kipato cha chini ikapunguzwa kwa miezi mitatu. Ukubwa wa mfuko ndio uliowawezesha kufanya hivyo. Mfuko wa mkoa mmoja ulioathirika ungekuwa umekauka.

Sisi pia tumewahi kujaribu, hatukuendelea tu. Kuanzia 2010 kulikuwa na mfuko wa HSSF uliotuma pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo cha afya au zahanati, na kamati kama yenu ndiyo iliyopanga matumizi. Ugatuzi ulipokuja 2013, fidia ya ada zilizofutwa ikapitia kaunti: shilingi milioni 900 kwa mwaka kwa kaunti zote 47, wastani wa milioni 19 hivi kwa kaunti. Gawanya hizo kwa zahanati zote za Kisumu, halafu uniambie zinabaki za sabuni. Na mnakumbuka majaribio ya afya kwa wote yaliyozinduliwa hapo hapo Kisumu Desemba 2018, pamoja na Nyeri, Isiolo na Machakos. Ada ziliondolewa, watu wakaja kwa wingi, ambalo ndilo lililokusudiwa. Lakini sehemu kubwa ya pesa ilipitia KEMSA kuwa dawa badala ya kufika kituoni kama fedha. Huwezi kumlipa mlinzi kwa katoni ya amoksilini.

Kwa mnaodhani mifuko mingi ni salama zaidi, tazameni huduma za virusi vya ukimwi hapa Nyanza. Kwa miaka mingi zilikaa nje ya mfuko wa taifa, kwa pesa za Marekani. Januari 2025 Rais Trump aliposimamisha misaada, wafanyakazi wa kliniki walirudishwa nyumbani ndani ya siku chache. Mfuko wa pembeni nao una mlango, na funguo zake ziko mbali zaidi ya Nairobi.

Sasa kamati ifanye nini? Kwanza usajili, na ufanyike Januari na Februari kabla ya mvua. Wakati wa mafuriko mtu hufika amepoteza kitambulisho na simu imelowa. Mfumo unataka uthibitisho wa mtandaoni kwamba ni yeye, na mtandao umekatika. Wahudumu wenu wa afya ya jamii wapite nyumba kwa nyumba, na muwe na daftari la namba za usajili za kila boma lililo kando ya mto, mlifunge kwenye mfuko wa nailoni.

Pili, madai yasilale. Nimeona zahanati zikilia kuhusu SHA huku madai ya miezi miwili yakiwa bado kwenye kabati. Mwulize msimamizi kila kikao: madai ya mwezi uliopita yametumwa lini, yamelipwa kiasi gani, yamekataliwa mangapi na kwa nini. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Tatu, Sheria ya Fedha za Uboreshaji wa Vituo ya 2023 inataka pesa ambazo kituo kinapata zibaki kituoni. Kama zenu bado zinafagiliwa kwenda akaunti ya kaunti, au mnangoja barua ya AIE, yaani idhini ya matumizi, ili mtumie pesa zenu wenyewe, liulizeni kwa barua yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa. Simu haiachi alama.

Nne, kalenda ile ile itumieni. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Mkitaka pesa za masika ya mwaka ujao wa fedha, semeni kabla ya Septemba hii. Ombeni jambo moja mahususi: kwamba Machi 1 kila mwaka, zahanati zote za uwanda wa Kano hapo kwenu zipewe dawa za robo nzima ya mwisho na fedha kidogo za dizeli, kabla tone la kwanza halijaanguka. Na mwulizeni diwani wenu kuhusu mfuko wa dharura wa kaunti. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inauruhusu. Je, una pesa? Zilitumika lini mara ya mwisho, na kwa nini?

La mwisho uliuliza kuhusu kikundi chenu. Changeni, hakuna anayewakataza. Ila pesa hizo zisiwe malipo ya kutibiwa, wala asikataliwe mtu kwa kutochanga. Ziwe za mambo ambayo hakuna mfuko unaoyafikia haraka: mafuta ya boti ya kuwavusha wajawazito, klorini ya visima, chakula cha muuguzi aliyekwama zamu siku tatu. Zikitolewa kwa zahanati, ziingie benki kwa risiti kama msaada. Zikibaki za kikundi, zikae akaunti ya kikundi na mtumie wenyewe. Usiziweke kwenye droo ya zahanati, mama, hata kwa wiki moja. Mkaguzi akizikuta hapo bila risiti, ataandika kwamba mlikuwa mkitoza.